Alama za Simsim Nyuma ya Picha ya Baba

Mama,

Nakuandikia kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo usinicheke. Herufi zinayumba kama walevi wa Kisugu siku ya mshahara. Mkono wa kulia umefungwa kwa kitambaa shingoni, kama wako ulivyofungwa ule mwaka wa taabu. Ndiyo, Mama. Bega. Lile lile la kulia. Kesho asubuhi Daktari atalipasua aweke bamba la chuma, na kabla sijaingia huko kuna neno nataka tulimalize mimi na wewe, maana hakuna mwingine ninayeruhusiwa kumwambia.

Unajua kanuni. Anayeosha maiti hasemi alichokiona. Hajati Rukia alinishika mkono mlangoni, maji yenye kafuri yakiwa tayari ndani, akaniambia, "Zaina, kitu utaona huku ndani, iache huku ndani. Hata bwana yako usiambie." Nikamjibu kwamba bwana mwenyewe sina, yuko Jinja kwa mwenzangu. Akanikata jicho. Hata siku ya msiba wako mdomo wangu ulikuwa hauna breki, Mama, nisamehe. Lakini tangu siku ile nimenyamaza. Sikumwambia imamu, sikumwambia Amina binti yangu ambaye anajua kuhoji watu kwa kazi yake ya polisi. Nimelibeba peke yangu mpaka likanielemea. Sasa nimefikiri hivi: wewe si mtu wa nje. Ulikuwemo humo chumbani. Nikikwambia wewe sijavunja kitu.

Ngoja nianzie nyuma kidogo.

Wewe ulianguka mlangoni pa jikoni, kwenye kile kizingiti ambacho Baba aliahidi kukivunja mpaka akafa yeye kwanza. Hukuanguka kutoka juu ya mti, ulikuwa umesimama tu, umebeba sahani ya maharage. Kule hospitali, Nakasero juu, Daktari alitundika picha kwenye mwanga akakuonyesha bega lako limeachana na mkono. Akakwambia, "Mama, mufupa yako iko kama mandazi. Nje inaonekana ngumu, ndani ni hewa tu." Sisi akatueleza kwamba mifupa ya wanawake wengi hupungua hivyo umri ukienda, na skurubu za kawaida humo ndani hulegea kama msumari kwenye ukuta wa udongo. Kwa hiyo angetumia bamba ambalo skurubu zake hujikaza kwenye chuma chenyewe, zishikane chuma kwa chuma, na mfupa uegemee hapo upone taratibu. Wewe ukamuuliza, "Hii chuma ya wapi? Isikuwe kama ya bunduki ya bwana yangu. Ile ilikuwa inashika kutu." Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

Ulipotoka ukalipa bamba jina. Askari. Mvua ikikaribia ulisema askari ameamka, na kweli inanyesha. Mjane wa mwanajeshi hata chuma cha begani anakipa cheo.

Halafu yakaja mazoezi. Unamkumbuka Esperansi, yule binti wa Kikongo wa kitengo cha mazoezi? Alikusimamisha mbele ya ukuta akakwambia, "Maman, tembeza vidole ku ukuta, sawa buibui. Pole pole, lakini kila siku." Nyumbani ukawa unajipaka mafuta ya simsim begani na mkononi, unasimama kando ya kitanda, vidole vinapanda ukutani na kuacha alama za mafuta kwenye rangi nyeupe. Zilipanda mpaka chini ya picha ya Baba, ile kubwa yenye fremu, amevaa sare na kifua mbele, hapo zikakoma. "Mkono imekataa," ulisema. Daktari alikubali. Alisema kwa umri ule na mifupa ile, wengine huishia hapo, tushukuru tu bega halina maumivu.

Ndiyo sababu kila asubuhi nilitoka Kisugu kwa boda nikapita kwako Mbuya kabla ya kufungua duka, nikufunge kitambaa kichwani. Amina uliishi naye nyumba moja, lakini ulisema anafunga kipolisi, anakamata shingo. Basi mimi. Ulikaa ukingoni mwa kitanda, kichwa mikononi mwangu, unanipa habari za mtaa mzima wa Mbuya, nani amehamishwa kambi na nani ameoa tena. Nikimaliza ulipapasa kwa mkono wa kushoto ukalaumu. "Fundo yako iko legelege. Kichwa yangu si mzigo ya kabeji." Enzi zako ulifunga mwenyewe, fundo dogo gumu juu ya sikio la kushoto, lenye mkunjo ambao sijawahi kuuweza. Mimi fundi cherehani, nashona sare za polisi wazima, lakini fundo lako lilinishinda.

Sasa nirudi kwenye chumba.

Tulikugeuza kwa ubavu wa kushoto ili tuoshe upande wa kulia kwanza. Leso imekufunika vizuri, usiwe na wasiwasi. Mimi niko mbele yako nimeinama, nakushikilia usirudi chali, Hajati yuko nyuma. Akashika mkono wako wa kulia kuuinua aoshe kwapani. Nikataka kumwambia taratibu Hajati, huo haupandi, una askari. Sikuwahi kusema. Mkono ulipanda. Ulipita kifua, ukapita uso, ukaenda juu ya kichwa chako mpaka mwisho, laini, kama wa msichana anayeanua nguo kwenye kamba. Hajati aliganda. Alijua habari za mkono wako, nani Mbuya hakujua? Maji yalikuwa yanachuruzika, mkono ukamponyoka, ukaja mbele, ukatua begani kwangu, upande wa kulia. Kiganja kizima. Vidole vinne nyuma, dole gumba mbele, vile ulivyokuwa unanishika nilipokuwa mdogo tukivuka barabara.

Na ulikaa, Mama. Haukuteleza. Tulitazamana na Hajati juu yako. Akasema bismillahi kwa sauti ya chini, akauondoa mkono kidole kimoja kimoja, tukaendelea. Nje hakunitazama tena usoni, na mpaka leo tukikutana sokoni ananiuliza bei ya nyanya.

Nilikuogopa. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilikuogopa wewe uliyenizaa. Nilikumbuka maneno ya Bibi, kwamba maiti akimshika mtu anamwomba amsindikize.

Tukakupeleka Bombo, tukakulaza kando ya Baba, pamoja na askari wako. Watu wakala, wakaomba dua, wakatawanyika. Mimi nikarudi na mkono wako begani. Sijui niseme vipi vingine. Palibaki baridi, umbo la kiganja. Nikipiga pasi dukani, jasho linanitoka usoni, hapo pamepoa. Nilijifunga sweta. Nilijipaka dawa ya kuchua mpaka wateja wakalalamika harufu. Mimi si mtu wa kuogopa ogopa, unanijua, nimefukuza wezi wawili kwa mkasi. Lakini nilianza kulala na taa inawaka. Na kila mvua ikikaribia, Mama, ile baridi ilizidi kabla ya wingu. Askari alikuwa ameamka, na askari ulikuwa umezikwa naye.

Siku nilipoanguka, mvua ilikuwa imekwisha kunyesha. Natoka dukani na mashati yaliyopigwa pasi, ya yule afande wa barabara ya juu asiyejua kusubiri. Mara begani pakawa pazito. Si baridi tu, uzito, kama mtu amenishika anataka kuniuliza kitu. Nikageuka kutazama. Hapakuwa na mtu. Mguu ukaenda zake kwenye saruji yenye maji, nami nikaenda zangu. Nilisikia mlio kabla ya maumivu, mlio wa kuni kavu. Jambo la kwanza nililofikiri nikiwa pale chini, mashati yote kwenye tope, ni kwamba umeanza kunivuta.

Daktari ni yule yule, nywele zimekuwa nyeupe. Alitundika picha yangu kwenye mwanga. Kisha akaniita mama kwa Kiganda, akauliza, kwa mzaha nadhani, "Nyabo, wewe na mama yako mulianguka pamoja?" Mfupa umevunjika pale pale wako ulipovunjika. Ndani ni mandazi vile vile, urithi wako huo, ardhi hukuniachia ila mifupa hii. Alinieleza bila kunificha. Alisema mabega mengi ya namna hii huachwa yapone yenyewe kwenye kitambaa, lakini langu kichwa cha mfupa kimegeuka kikaangalia pembeni, na likiachwa sitainua tena mkasi hadi mezani. Alisema pia bamba si muujiza. Mfupa laini unaweza kudidimia, ncha za skurubu zikatokeza kwenye maungio, na wengine hulazimika kurudi kupasuliwa tena. Na akasema nisikawie kuamua, kwa sababu vipande vinaanza kushikana vilipo.

Nikakataa.

Amina alinibana kama mshtakiwa. "Mama, unaogopa nini? Sema tu! Chuma? Bibi alikaa na chuma miaka yote na haikumuua." Ningemwambia nini? Kwamba nyanya yake alinishika akiwa kwenye ubao wa kuoshea? Kwamba nikichomwa dawa ya usingizi nilale na kiganja chako begani, sitaamka? Mdomo umefungwa, Mama. Nikasema naogopa sindano. Hakuniamini, na kweli ni mtu gani angeamini, mimi ninayejichoma sindano ya cherehani kila wiki na kuendelea kushona.

Akanileta kwako, kwa sababu kule Kisugu naishi peke yangu. Akanilaza chumbani kwako, kitandani kwako, nimelalia ubavu wa kushoto, uso ukutani, ili bega lipumzike. Fikiria mwenyewe hali yangu. Macho yangu yalielekea alama zako za simsim, zile zinazopanda na kukoma chini ya picha. Zimegeuka rangi ya chai. Nilizitazama tangu jua linaingia dirishani mpaka linatoka.

Picha ya Baba ilikuwa inapinda. Asubuhi ya kwanza kona moja imeshuka, Amina akainyoosha kabla ya kwenda kazini. Asubuhi ya pili imepinda tena. Nikamwambia ni malori ya jeshi, yakipanda kilima ukuta unatetemeka, na ni kweli unatetemeka. Lakini siku ya Jumapili hapakupita lori, nilikuwa macho, na niliiona ikisogea. Ilisogea kidogo tu, vile mtu anavyosukuma pazia kwa bega akipita. Nikasoma kila dua uliyonifundisha, na nyingine nikazitunga.

Amina akachoka. Alipanda kwenye kiti akasema, "Babu, leo tutakuachanisha na huo ukuta," akaishusha.

Alama zilikuwa zinaendelea.

Nyuma ya picha, Mama. Zinapanda. Vidole vinne vinne, moja juu ya nyingine, kavu, za zamani, zimeshika vumbi. Zinapanda mahali ambapo fremu ilikuwa, zinafika kwenye msumari, ule msumari ambao Amina alihitaji kiti kuufikia. Na wewe ulikuwa mrefu kuliko sisi wote.

Nililala pale nikizitazama na akili ikazunguka polepole kama cherehani yenye kutu. Kisha ikashika. Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka bega likaniuma machozi yakatoka, Amina akafikiri nimepagawa. Ulipona! Ulikuwa umepona, mwanamke wewe! Ulikuwa unamshusha Baba kwa mikono miwili juu ya kichwa, unapanda ukuta wako, unamrudisha Baba mahali pake, unakaa ukingoni mwa kitanda na kitambaa mapajani, unanisubiri. "Zaina, kuja ufunge mimi. Mkono imekataa."

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe ulificha kupona, na kifo kikakuumbua vile vile.

Nilikukasirikia kwa muda wa chai moja hivi. Boda zote zile, mvua yote ile! Halafu hasira ikaisha, ikabaki kitu kingine ambacho sijakizoea. Ulijua ukisema mkono umepona ningekuja Ijumaa kwa Ijumaa kama watoto wa watu wengine, na mkungu wa matoke, na haraka. Ulitaka kichwa chako mikononi mwangu asubuhi. Ungesema tu, Mama. Lakini wewe hukuwahi kuomba kitu, hata maji uliyaagiza kama amri ya kambini.

Na hapo ndipo woga uliponitoka. Kwa sababu kama mkono ule ulikuwa mzima, basi siku ile chumbani hakuna kilichofufuka. Bamba lilishika, mfupa ulipona, na mkono ukapanda kwa sababu ulikuwa unaweza kupanda. Hukuwa unanivuta. Siri yako ilikuwa imekuponyoka mbele ya Hajati, basi. Nikamwambia Amina apige simu kwa Daktari.

Ningependa kukwambia kwamba yameishia hapo.

Lakini Amina alimaliza simu akapanda tena kwenye kiti kuutazama ule ukuta. Juu ya msumari, peke yake, kulikuwa na alama moja zaidi. Haikuwa na vumbi. Aliigusa, kidole chake kikang'aa, akanusa. "Simsim," akasema. Akanitazama kwa yale macho yake ya kazini. "Nani amepaka hii?" Chupa yako ya mafuta tulimpa Hajati siku tuliyogawa vitu vyako. Mimi mkono umefungwa. Yeye mwenyewe anakula simsim tu, hajipaki. Alishuka, akanawa mikono, akasonga posho, ugali wetu. Mimi ni fundi cherehani, mambo mengine si ya kwangu kuyapima.

Na leo asubuhi, Mama.

Tangu nianguke nalala kichwa wazi, kwa sababu siwezi kujifunga, na Amina, ulisema kweli, anakamata shingo. Leo nimeamka, jua liko dirishani, Amina ameshaenda zamu ya alfajiri. Nikaenda kwenye kioo kupiga mswaki kwa huu mkono mbumbumbu. Kitambaa kiko kichwani. Kile chako cha kijani, ambacho nilikikunja mwenyewe nikakiweka chini ya nguo sandukuni. Kimefungwa kwa fundo dogo, gumu, juu ya sikio la kushoto, na mkunjo wake umelala ndani ambapo mimi sikuwahi kuupata.

Nilimpigia Amina. Anaapa hakunigusa, aliondoka nimelala. Nikamwuliza nilikuwa na kitambaa? Akasema hakuwasha taa.

Nimekaa kibarazani tangu wakati huo nakuandikia. Watu wanapita, wananisalimu, mmoja amenisifu kitambaa. Begani hapana baridi tena, Mama. Ni mara ya kwanza tangu tukuoshe. Nywele zimesimama mwilini, sikufichi, lakini siogopi vile nilivyokuwa naogopa. Nakumiss tu. Nakumiss mpaka mifupa, hii hii ya mandazi.

Basi nisikize. Kesho watanilaza, watanifungua, wataweka askari wangu. Nikitoka na uhai nitasimama kwenye ukuta wako kila siku, hata siku bega linaponiuma nikatukana, na kila kidole nitakiweka juu ya alama yako mpaka nifike karibu na msumari, urefu wangu unapokomea. Na siku nitakapofika sitamficha Amina. Nitamwita aone. Halafu nitakaa ukingoni mwa kitanda nimpe kitambaa anifunge, na akiniuliza kwa nini na mkono mzima ninao, nitamwambia kwa sababu nataka. Hilo nakuahidi, wewe uliyeshindwa kulisema.

Ile alama ya juu ya msumari nakuachia wewe. Siifikii, na si yangu.

Kwaheri, Mama. Msalimie Baba, mwambie picha yake iko salama chini ya kitanda. Kesho, mlangoni pa chumba cha upasuaji, nesi ataniambia nivue kitambaa, ndiyo kanuni yao. Fundo hili silifungui mimi. Nitamwambia mkono imekataa.

Mwanao,
Zaina